"Lile Lile, Badilisha Tarehe Tu": Kwa Nini Seti ya Mabango ya Bendi Hupangwa kwa Pamoja

Bendi ikipata shoo ya kwanza huagiza bango. Ikipata ya pili, ujumbe unaotufikia sisi wachoraji wa mabango mara nyingi ni huu: "Tutengenezee lile lile, badilisha tarehe tu." Ombi hilo linaeleweka, lakini linaipotezea bendi watu. Mpita njia aliyeliona bango la kwanza akikutana na la pili haangalii tarehe. Macho yanamwambia hili ameshaliona na shoo imeshapita, naye anaendelea na safari yake. Bendi ikienda upande wa pili na kuagiza kila bango kwa sura mpya kabisa, hasara ni nyingine: hakuna anayetambua kwamba wanaopiga wiki hii ndio wale wa mwezi uliopita.

Karibuni tumemaliza seti ya mabango sita kwa bendi iliyokuwa ikijiandaa kwa ziara, na kazi yenyewe ilianza kwa swali tunalomuuliza kila mteja kabla penseli haijagusa karatasi: nini kitabaki, na nini kitabadilika? Mabango ya seti yafanane kama ndugu wa tumbo moja. Ukimwona mmoja unajua ni wa nyumba ipi, lakini humwiti kwa jina la mwenzake.

Hapa kilichobaki ni jina la bendi na mahali pake, aina moja ya herufi, na ukanda wa chini wenye tarehe, ukumbi na kiingilio. Kilichobadilika ni mchoro na rangi moja. Bendi ilikuja na picha ya pamoja, wanamuziki wote wamejipanga mstari, ikitaka itumike kwenye mabango yote sita. Tuliwashauri waiweke kando. Picha ya kundi ikitazamwa kutoka ng'ambo ya barabara ni doa la vichwa tu, na anayeitambua sura ya mwimbaji tayari ni shabiki. Tukazisikiliza nyimbo zao tena na tena. Muziki wao unaongozwa na gitaa la besi, mengine yakijibizana juu yake, kwa hiyo tukachora vyombo: kila bango chombo kimoja, kikubwa hadi kinakatwa na ukingo wa karatasi. Besi ikawa mistari minne minene inayovuka bango zima. Kwangu hilo ndilo bora kuliko yote sita.

Kuuonyesha muziki bila kuwaonyesha wanamuziki kuna historia ndefu. Mbunifu Josef Müller-Brockmann wa Uswisi alifanya hivyo miaka ya 1950 kwenye mabango ya matamasha ya ukumbi wa Tonhalle, Zürich: maumbo ya kijiometri, herufi safi zisizo na mapambo, kila bango tofauti na bado mkono ni ule ule. Wateja wengi, hata hivyo, hutuletea mfano wa Wes Wilson, aliyechora mabango ya ukumbi wa muziki wa Fillmore huko San Francisco mwaka 1966 kwa herufi zilizovimba na kupinda hadi zikajaa umbo zima. Ni kazi nzuri mno, lakini kuisoma kunataka usimame. Shabiki mwenye hamu atasimama. Mtu ambaye hajawahi kuisikia bendi yako hatasimama. Bendi inayotafuta masikio mapya inahitaji jina linalosomeka kwa mtu anayetembea.

Kupanga seti mapema kunapunguza gharama pia, hasa kwa uchapaji wa skrini, ambapo wino husukumwa kupitia kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu, na kila rangi ya wino huhitaji skrini yake. Skrini yenye jina la bendi tuliitumia kwa mabango yote. Tulizobadilisha ni za michoro na za tarehe. Tena tulichagua wino unaopitisha mwanga: manjano ikachapwa kwanza, buluu ikafuata, na zilipokutana ikatokea kijani ambayo hatukuilipia skrini ya tatu.

Rangi hizo mteja lazima azione kwenye karatasi kabla ya kuidhinisha. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga, wino huzitengeneza kwa kuumeza, ndiyo maana ile kijani inayong'aa kwenye kioo hupoa ikichapwa.

Kuhusu picha na nembo, tuleteeni mafaili halisi. Picha iliyopita WhatsApp hubanwa na kupoteza pikseli, ilhali bango la A3 lenye nukta 300 kwa inchi linahitaji takriban pikseli 3508 kwa 4961. Na majina ya wasanii waalikwa yaandikwe na wenyewe. Herufi moja ikikosewa kwenye jina la mtu, bango lote linamkera.

Kama mna shoo tatu au zaidi mbele yenu, leteni orodha nzima kabla hatujachora bango la kwanza, hata kama baadhi ya kumbi hazijathibitishwa. Ukanda wa chini tunaweza kuuacha wazi, mabango yakakauka na kusubiri, kisha tarehe na ukumbi vikachapwa siku mtakapopata jibu.