Sauti uliyoambiwa imekwisha

London, Jumapili usiku

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ila tangu jana usingizi umenipaa kwa kukuwaza wewe.

Jana nilikwenda kusikiliza Stabat Mater ya Vivaldi katika kanisa dogo la mawe. Maneno ni yale yale ya Mama Maria chini ya msalaba, yanayoimbwa Kwaresima kwenye Njia ya Msalaba. Vivaldi aliyatungia muziki mwaka 1712 kwa ajili ya kanisa moja la Brescia, Italia: mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, yaani alto, na fidla chache, basi. Akasimama mwanamume wa miraba minne, ndevu zimejaa. Alipofungua kinywa, ndugu yangu, ikatoka sauti yako.

Yako ile ya kabla hujabalehe. Unakumbuka ulivyolia mwalimu wa kwaya alipokuhamishia besi, akasema ile ya pili imekwisha?

Haikuwa imekwisha. Waimbaji kama huyu huitwa kontratena. Si kama wale waliohasiwa utotoni ili sauti isibadilike, akina Senesino, ambaye mtunzi Handel alimtungia nafasi ya Julius Caesar katika opera mwaka 1724. Hawa ni wanaume kamili waliojifunza kutetemesha kingo tu za nyuzi za sauti. Mwishoni alipotushukuru, alizungumza kwa sauti nzito kama yako ya sasa. Hata Alfred Deller, Mwingereza aliyeirudisha sauti hii majukwaani miaka ya 1940, aliimba kanisani tangu utotoni, na sauti ilipobadilika hakuiacha ile ya juu.

Kwenye simu nilikuwa nimeisikiliza Stabat Mater hii mara nyingi, nikadhani naijua. Sikuijua. Kwenye rekodi mwimbaji anawekwa karibu na sikio lako muda wote. Pale kanisani kuna wakati alikuwa mbali, sauti ni uzi tu, na watu wote tukazuia pumzi ili usikatike. Anaanza noti moja kimyakimya, inajaa taratibu mpaka unaisikia kwenye mbao za benchi, kisha anaipunguza, inapunguka, na hujui ni lini hasa ilikoma. Unamsikia anavuta pumzi, na kwa pumzi hiyo unajua huzuni inayofuata ni kubwa kiasi gani. Fidla nazo zilikuwa na nyuzi za utumbo wa mnyama, zimeshushwa karibu nusu toni kuliko za leo, kwa hiyo hazikumfunika. Zilimsindikiza tu.

Nililia, sifichi. Mzee aliyekaa kando yangu alinishika mkono bila kusema neno.

Ijumaa nitakupigia. Watoto wakishalala, toka uende uani, uniimbie ubeti wa kituo cha 12. Usiuimbe kwa besi.

Msalimie sana mama.

Wako daima,
yule wa sauti ya tatu