Mtazame mtoto, si nundu

Kwako Mama Salma,

Barua yako nimeipata. Nilipofika pale unaposema Salma kaanguka kutoka kitandani, moyo ulinienda mbio, ingawa mistari miwili mbele ukaniambia sasa anacheza. Unauliza mtu atajuaje kama ni la kukimbilia hospitali. Nakujibu kama mtu aliyekosea pande zote mbili.

Mwanangu alipoanguka mara ya kwanza, akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, alitoka nundu kama yai kwenye paji la uso. Nilikimbia naye miguu peku. Daktari akampapasa kichwa, akamtazama mboni za macho, kisha akanigeukia mimi: alilia papo hapo? Alizimia hata kidogo? Ametapika? Mwenyewe wakati huo alikuwa anamnyang'anya daktari tochi. Tukarudishwa nyumbani. Kumbe ngozi ya kichwa imejaa mishipa ya damu, huvimba upesi, na nundu ya pajini mara nyingi hutisha kuliko inavyodhuru.

Basi nikashika nusu ya somo. Miezi michache baadaye aliporomoka kutoka juu ya meza, akaangukia ubavu wa kichwa, juu ya sikio. Nundu hakuna, ila uvimbe laini uliojitokeza baada ya saa kadhaa. Nikajisemea, huyu mzima. Jioni akatapika, akatapika tena, hataki hata kubebwa. Walituweka chini ya uangalizi kwa saa nyingi kabla ya kuamua kama apigwe skani ya CT, ile picha ya ndani ya kichwa, maana ina mionzi na mtoto mdogo hapigwi ovyo. Haikuhitajika. Lakini nilisemwa kwa kuchelewa, na nilistahili.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 kama Salma, uvimbe wa kisogoni au wa pembeni, hasa ule unaobonyea, unataka daktari hata kama anacheka. Vivyo hivyo akianguka kutoka kimo cha zaidi ya sentimita 90 hivi. Vipime vitanda vyako. Akizimia, akipata degedege, akitapika zaidi ya mara moja, akitokwa na damu au majimaji puani au masikioni, mboni moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, akilegea mkono au mguu, au akilia asibembelezeke, hapo usiniandikie barua. Nenda.

Hilo wanalosema watu, kwamba aliyeanguka akeshwe asilale, achana nalo. Kama alikuwa mchangamfu na saa yake ya kulala imefika, mwache alale. Mimi niliambiwa nimwamshe mara moja au mbili usiku, nione ananitambua. Cha kuogopa ni usingizi wa saa zisizo zake, na mtoto asiyeamshika. Barafu izungushie kitambaa, usiibandike kwenye ngozi. Aspirini usimpe kabisa. Endelea kumtazama kwa siku mbili hivi, maana dalili nyingine huchelewa.

Na ukihisi tu kwamba huyu si Salma wako wa kila siku, mpeleke bila kuona haya. Mimi swali hilo niliulizwa mara zote mbili, tena na watu tofauti: "Mama, unamwonaje, yuko kama kawaida yake?"

Niandikie unieleze ameamkaje.

Mwenzio,
Mama Idi