Seif, usinunue vile viatu kwanza

Ndugu yangu Seif,

Salaam nyingi. Tumekaa kimya mpaka naona haya, ila nawe hukuandika, kwa hiyo lawama tugawane nusu kwa nusu. Huku wote wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unatafuna kucha. Nimemjibu kwamba siku hizi unatafuna lami.

Maana habari zako zimefika. Salma ameniambia ulikuwa juu ya BMX yako, hiyo baiskeli ndogo ya kurukia, mguu ukakuteleza, pedali ikazunguka ikakupiga ugokoni, na umeshonwa. Pole sana, pole ya kweli, ingawa nilicheka kidogo aliponieleza ulikuwa umevaa nini. Kisha akanitumia picha za viatu unavyotaka kununua, na kicheko kikanikauka. Ndiyo maana naandika leo, nisingoje wiki ijayo. Ukishalipa utavivaa kwa ubishi hata vikikuumiza. Nakujua.

Nianze na picha ya kwanza, vile vyenye kibati chini ya soli, cha kunasa kwenye pedali. Najua wazo umelitoa wapi. Umewatazama wale wa mbio za BMX, ambao mchezo wao uliingia Olimpiki mwaka 2008 kule Beijing, ukaona miguu yao imeganda kwenye pedali wakiruka matuta, ukasema hiyo ndiyo dawa ya kuteleza. Ni dawa kweli, lakini ya ugonjwa wao. Mtu wa mbio anashuka kilima cha kuanzia, ambacho kwenye viwanja vya ngazi ya juu kinafika mita 8, anakanyaga kufa na kupona, na shughuli inakwisha kabla dakika haijatimia. Katikati hapo hana haja ya kutoa mguu. Kibati kinamwezesha kuivuta pedali inapopanda, pamoja na kuikanyaga inaposhuka. Akitaka kuchomoka lazima azungushe kisigino kwenda nje, na mwili wake umekwisha kulizoea hilo.

Wewe je? Wewe mguu wako uko nje kila mara. Unagusa ardhi, unasukuma ukuta, unaikimbia baiskeli ikiwa bado hewani. Siku ile uliweza kuitupa ukasimama kwa sababu hakukuwa na kitu kilichokushika. Ungekuwa umenaswa, leo tungekuwa tunazungumzia kiwiko, au meno. Hata wale wa fristaili, wanaoruka na kufanya mbwembwe kama wewe, ambao walipata nafasi yao kwenye Olimpiki ya Tokyo 2020, ile iliyochezwa 2021, wanapanda kwa pedali bapa na raba za kawaida. Kama kibati kingewafaa wangekuwa nacho.

Picha ya pili, raba za kukimbilia, ndiyo hatari zaidi kwa sababu ukizivaa dukani hutaki kuzivua. Soli ni sponji nene, kisigino kimeinuliwa, ncha imepinda juu, na chini kuna mifereji. Barabarani, sawa. Juu ya pedali ni kama kusimama kwenye godoro: mguu unayumba huku na huku, nguvu zako zinaishia kwenye sponji, na meno ya pedali yakiangukia kwenye mifereji hayashiki kitu. Upande wa juu ni kitambaa cha wavu, ambacho kikikwaruzwa na lami hakikawii kuchanika. Na si ndizo ulizovaa siku ile? Salma alisema "zile nyeupe zake nene". Hapo ndipo nilipocheka.

Sasa jambo lenyewe. Kiatu usikichague kabla hujazitazama pedali zako. Watu wanasahau, wanaingia dukani wanashika kiatu kimoja kimoja, wanauliza kipi kinashika vizuri. Kinashika nini? Salma anasema ugokoni kuna matundu yaliyojipanga mstari. Basi pedali zako ni za chuma, zenye meno ya kufungwa kwa skrubu. Za plastiki nazo zina meno, lakini yamefinyangwa pamoja na pedali yenyewe, mafupi na butu. Zingekuchubua, zisingekutoboa.

Kanuni yangu ni hii, na wapo wanaobishana nayo: kimoja kiwe kikali, kingine kiwe kipole. Pedali ya chuma yenye meno haihitaji soli laini inayonata. Ukizikutanisha hizo mbili mguu unaganda. Umekanyaga vibaya, unataka kuusogeza kidogo tu, hausogei mpaka uunyanyue wote. Na siku ukianza kuirusha fremu izunguke chini yako, mguu lazima ung'oke pale pale unapouambia. Kwa pedali hizo, soli ya mpira wa kawaida, mgumu kiasi, inatosha, tena itadumu, maana meno ya chuma hutafuna soli laini haraka. Ukiwa na plastiki, geuza hesabu: tafuta soli laini uwezavyo. Wale watengeneza viatu Five Ten, kwa mfano, walianzia kwenye viatu vya kukwea miamba miaka ya 1980, kisha mpira wao unaonata ukahamia kwenye baiskeli. Wanaoshuka milima wanauapia. Kwa pedali zako za sasa, naona mpira huo umezidi.

Ningekuwa wewe, na nyuzi zikiwa bado ugokoni, ningefunga pedali za plastiki kwa sasa na kununua kiatu chenye soli laini. Kosa la plastiki linasameheka. Zile za chuma nitakuhifadhia mimi, wala sitakudai gharama ya ghala. Nasema kweli, usicheke, zangu zimekwisha kabisa, ekseli moja inapiga kelele kila nikikanyaga na fundi kaishia kutikisa kichwa.

Narudi kwenye soli. Iwe bapa toka vidoleni hadi kisiginoni, hilo halina mjadala. Ila ndani ya hizo bapa utakuta namna mbili, na muuzaji hatakwambia. Ya kwanza ni ya kupikwa: utepe wa mpira unazungushiwa kiatu, kisha kiatu kizima kinaingia kwenye tanuri mpaka vishikane. Msingi wake ni ule ugunduzi wa Charles Goodyear wa kupika mpira na salfa, mwaka 1839. Kampuni ya viatu ya Vans ilianza Anaheim, California, mwaka 1966 na viatu vya namna hiyo, wala haikuwa ikifikiria baiskeli. Wapanda skeitibodi wakavipenda, na watoto wa huko huko California, waliokuwa wakiiga mbio za pikipiki kwa baiskeli zao za magurudumu ya inchi 20, nao wakavidaka. Ukivaa utaelewa: soli nyembamba, inakunjika, unaisikia pedali ilipo bila kutazama chini.

Ya pili ni soli iliyofinyangwa ikiwa na kingo, kiatu kinakaa ndani yake halafu kinashonwa pembeni. Ukikigeuza utauona uzi umezunguka. Ni nzito, ni ngumu, na siku za mwanzo unapanda kama huna vidole. Lakini inabeba kisigino.

Na kisigino, Seif, ndicho ninachotaka ukifikirie zaidi ya huo ugoko ulioshonwa. Wewe unaruka. Mruko ukikataa unaitupa baiskeli na kutua kwa miguu juu ya zege, na soli nyembamba haina cha kupunguza kishindo. Ile nyama yenye mafuta chini ya mfupa wa kisigino ikipondeka, unachechemea kwa wiki kadhaa, na hakuna cha kushona wala kufunga. Nimeona wanaojikwatua vizuri kabisa kwa magoti na mikono, vikinga kila mahali, chini wamevaa soli ya kupikwa iliyokwisha, nyembamba mpaka unahisi changarawe. Ukizipenda hizo za kupikwa, na najua utazipenda kwa sababu ni nzuri machoni, basi toa soli ya ndani uweke nyingine nene, ya sponji nzito ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inarudi polepole. Kisha vaa, utembee, uchuchumae. Soli nene ndani inakuinua, kisigino kinaweza kuanza kuchomoka nyuma. Kikichomoka, chukua kiatu kingine.

Halafu nasikia umeng'oa breki. Sitaki tugombane, tuligombana vya kutosha kuhusu ule usukani. Ila ujue breki yako sasa ni kiatu. Kila ukisukuma unyayo kwenye tairi la nyuma unalipa kwa mpira, na mguu mmoja utaisha wakati mwenzake bado mpya. Kwa mtu wa namna hiyo soli ya kushonwa ina faida nyingine, unene wa kusuguliwa upo. Upande wa juu chagua ile ngozi yenye vinyweleo vifupi, swedi, uache turubai. Turubai inapitisha hewa, ni nyepesi, lakini itazame baada ya muda pale kidole kidogo kinapokaa, na pale pembeni kwa ndani mkono wa pedali unapopita ukikwangua: nyuzi zimesimama, kisha tundu. Swedi inavumilia. Ya kufunika kifundo cha mguu au ya chini, hiyo ni juu yako. Mimi napenda ya kufunika, kwa sababu kifundo kikigongwa na chuma maumivu yake hayana adabu, lakini wapo wanaosema inawabana.

Ukifika dukani, nenda jioni mguu ukiwa umetanuka, na uvae soksi unazopandia. Bonyeza soli kwa ukucha. Alama ikiingia na kurudi, mpira ni laini; ukucha ukiteleza tu, ni mgumu. Kisha, na hili muuzaji atakutazama vibaya, tafuta ukingo wa ngazi, simama kwa ile sehemu nene ya unyayo nyuma ya vidole, kisigino kikiwa hewani, uchezecheze magoti. Ndivyo utakavyosimama kwenye pedali. Kiatu kikikunjika katikati na unyayo ukaanza kuuma palepale, kirudishe. Hakuna siku kitakuwa kigumu zaidi ya siku hiyo ya kwanza. Rangi usiniulize, wala usiwasikilize wanaokwambia soli ya kahawia inashika kuliko nyeusi. Kinachoshika ni mpira wenyewe, rangi ni rangi.

Na vikinga ugoko vya wachezaji mpira, vile vya kuvaa ndani ya soksi, usivionee aibu. Nani atakutazama soksi?

Sasa nijibu, tena yote, usijibu moja ukapotea. Nyuzi zinatolewa lini? Daktari amekuruhusu kupanda au umejiruhusu mwenyewe? Meno ya pedali zako yanafunguka, au yameshika kutu? Maana kama yanafunguka unaweza kupunguza machache ya katikati kabla ya kununua chochote. Unakanyaga tairi kwa mguu gani, kulia au kushoto? Ukiwa umesimama pedali zikiwa sawa, mguu upi uko mbele? Kigeuze kiatu cha zamani uniambie kimelika wapi, vidoleni, katikati au pembeni, na kama unaweza piga picha ya soli zote mbili, si ya kiatu kikiwa kimekaa vizuri mezani kama cha tangazo. Unavaa saizi ngapi siku hizi? Na yule bwana wa matuta bado anawafukuza, au mmepatana?

Msalimie Salma, mwambie asiache kunipa habari.

Wako,
Hamisi

Nyongeza: nilisahau kamba. Ukishafunga fundo, vichwa vyake vichomeke chini ya ulimi wa kiatu au ubavuni kwa nje. Mguu wa upande wa cheni ndio wa kuangalia zaidi. Kamba ndefu ikiingia kwenye sprokoti, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, inavuta mguu pamoja nayo na wewe huna breki. Kama zilizokuja na kiatu ni ndefu mno, zikate, uchome ncha kidogo kwa moto zisifumuke.