Mkalimani wa mama aliyepigwa asiwe mtu wa mume

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi hapa Dar es Salaam, hasa linapopokea akina mama wa Kimasai waliopigwa na waume zao.

Hawa tunanunua kwao shanga na dawa za miti shamba Kariakoo. Kiswahili cha wengi wao ni cha biashara: bei, chenji, mizizi ichemshwe vipi. Ukitaka aeleze alipigwa na nini, mara ngapi, na watoto walikuwa wapi, hakitoshi.

Nilimsindikiza kituoni jirani yangu wa Kimasai aliyepigwa na mumewe. Askari wa kike alimpokea vizuri, sina lawama naye. Walipokwama kwa lugha, akaitwa mlinzi wa duka la karibu aje atafsiri. Kumbe ni rika moja na mumewe, na kwa Wamasai watu wa rika moja ni zaidi ya marafiki. Mama akainamisha kichwa, akasema ameanguka. Jalada halikufunguliwa.

Wapo wanaosema mambo hayo wayamalize wazee wao kwa mila. Wazee gani? Wako mbali, Simanjiro na Longido. Mjini hapa hana baba wa kumkimbilia wala mama wa kumficha, ana ndugu wa mume tu. Tena akiondoka, maneno ya ng'ombe wa mahari yataanza, na watakaosumbuliwa ni kaka zake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Haikubagua kabila.

Na tusijifiche nyuma ya "mila zao". Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Hao si Wamasai peke yao. Wamo wa Tandale na wa Masaki.

Ninachoomba ni kidogo. Maofisa ustawi wa jamii wawe na orodha ya wanawake wanaojua Kimaa (lugha ya Wamasai) na Kiswahili, wasio na undugu na wahusika, wapigiwe simu hata usiku. Mabinti wa Kimasai wamejaa vyuoni jijini. Walipwe vocha na nauli, na mlinzi wa duka aachwe lindoni kwake.

Mkazi wa Buguruni,
Dar es Salaam