Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filamu na Vyombo Vipya katika Masomo, Lubumbashi

Ndugu wanachama, baba na mama walimu,

Mwaka huu komite yenu ilishughulika hasa na swali moja: ni somo gani linahitaji filamu, na lipi liachiwe mikono ya mwanafunzi. Mikutano na barua zimo katika ripoti ya katibu, sitazirudia.

Nianze na shaba. Watoto wa komini za hapa Lubumbashi, yaani Kenya, Katuba na Kamalondo, wanakua wakiuona mlima mweusi wa makapi ya shaba na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya Serikali ya madini, na malori yaliyobeba mabamba mekundu kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lakini jiwe la kijani la malakiti linageukaje bamba lenye shaba safi ya asilimia 99.99? Wenzetu wa kemia walipitisha kwanza jiwe lenyewe mikononi mwa wanafunzi. Kisha wakaonyesha filamu fupi: jiwe linasagwa, linayeyushwa kwa asidi ya salfa, umeme unapitishwa, ioni za shaba, yaani chembe zake zenye chaji, zinasafiri hadi kwenye katodi, bamba la upande hasi, na kuganda pale. Safari hiyo jicho haliwezi kuifuata, na hapo ndipo filamu ina kazi. Kabla umeme haujawashwa walisimamisha picha, wakauliza: shaba itakwenda upande gani? Ubishi uliozuka ulifundisha kuliko dakika zote zilizofuata.

Darasa jingine lilionyeshwa filamu ya maharage yanayoota, na maharage yamejaa sokoni. Yapandwe kwenye kopo, jamani, watoto wayamwagilie wenyewe.

Kwa fizikia, programu za bure za PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, zimetufaa sana. Nyingi zinafanya kazi bila intaneti, baadhi ziko kwa Kiswahili, na mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu bila hofu ya kuunguza kitu. Programu ya Kiwix nayo inatuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, kutoka kwenye kadi ndogo tu. Kwa bei ya mega za intaneti hapa kwetu, huo ni msaada mkubwa.

Taabu mnazijua. Umeme unakatika. Tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure Septemba 2019 madarasa yamefurika, na walioketi nyuma hawaoni skrini. Mvua ya Januari juu ya mabati inameza sauti yote. Kwa hili la mwisho walimu kadhaa wamepata dawa: wanazima Kifaransa cha filamu na kueleza wenyewe kwa Kiswahili, huku maneno yanayotakiwa kwenye mtihani wa Serikali yakiandikwa ubaoni kwa Kifaransa. Mimi naona njia hii ni bora hata siku ya jua, kwa sababu mtoto anaweza kumkatiza mwalimu wake na kuuliza.

Kwa hiyo komite inapendekeza fedha za mwaka ujao zisinunue skrini kubwa. Zinunue betri na paneli za jua kwa projekta tulizo nazo, na zilipe usafiri wa walimu kukutana Jumamosi kuzitazama filamu kabla ya somo. Filamu ambayo mwalimu hakuitazama hadi mwisho isiingie darasani. Tuombe pia kibali cha kupiga picha zetu wenyewe kwa simu katika kituo cha umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira.

Mtapigia kura pendekezo hili mweka hazina akishasoma hesabu.