Kwa Rehema, kuhusu miguu ya yule bibi

Newala, Jumapili usiku

Rehema mpenzi,

Hujambo? Za watoto, za zamu? Sisi hatujambo, korosho zimeanza kuokotwa na kituo chetu cha afya kimepungua watu. Nimekaa kimya tangu arusi ya Shija, naomba radhi. Leo nina jambo, na ni wewe tu wa kunisaidia.

Kuna bibi amekuwa akija hapa tangu mwaka jana. Miguu inakufa ganzi, usiku inawaka moto. Sukari kabla ya kula ilikuwa 7.9, tukarudia siku nyingine, 8.2. Kadi ikaandikwa kuwa sukari imemharibu neva, mishipa ya fahamu, akapewa dawa ya sukari, metiformini, na vidonge vya vitamini B, akaenda. Akarudi, akaandikiwa vilevile. Mwandiko wa mara ya pili ni wangu, na wiki hii nimeutazama mpaka macho yameuma.

Jumanne alikuja kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimeungua kwa sufuria. Hakusikia maumivu, alishtuliwa na harufu. Hapo nikasimama. Ganzi ya sukari huanza vidoleni mwa miguu yote miwili, ikapanda kama soksi, na mikono hufuata baadaye sana. Yake ilikuwa kidole kidogo na nusu ya kile cha pete, mkono mmoja. Na mguu wa kulia tu, upande wa nje! Nilikuwa sijawahi kumuuliza ni mguu upi.

Nikafunga mlango, nikamwomba alegeze kanga. Akafumba macho, nikamgusa nyayo kwa ule uzi wa kupimia hisia, wa gramu 10: kushoto anasikia kote, kulia upande wa nje hasikii. Chuma cha mtetemo cha hezi 128 juu ya vidole gumba, anasikia miguu yote miwili mpaka kinanyamaza. Nikagonga kano za visigino, nyayo zote mbili zikaruka. Ingekuwa sukari yenye ganzi kiasi kile, hivyo vingekuwa vimeshapotea. Nyuma ya paja nikakuta baka limepauka, kavu, nikalipitisha pamba, hana habari. Nyuma ya kiwiko cha kushoto neva imevimba, ngumu kama kamba ya kitanda.

Ukoma, Rehema. Mwaka mzima.

Nilikuwa tayari hata kuisingizia metiformini, maana ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, nayo ikipungua huleta ganzi. Lakini ganzi ilianza kabla ya dawa, yeye mwenyewe alisema, imo kwenye kadi. Sukari anayo kweli, ndiyo iliyotufumba macho sote. Unamkumbuka Mwalimu alivyokuwa akitugombeza wodini, "Umemgusa kiwiko?" Nilikuwa nikicheka.

Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alikuja Alhamisi, akachukua kipimo kwenye ndewe za masikio, na bibi ameanza pakiti: rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 12, bila malipo. Swali lake la kwanza lilikuwa kama atenge sahani yake na ya wajukuu. Nilimwambia asitenge, dawa ikishaanza haambukizi. Alilia kidogo, nikakaa naye mpaka mjukuu akaja kumchukua.

Kinachoninyima usingizi ni ule mkono. Kidole kidogo hakina nguvu tena, anasema tangu kama miezi minne. Chini ya miezi sita prednisoloni, ile dawa ya kushusha uvimbe, bado inaweza kuiokoa neva, lakini itapandisha sukari, na hapa kituoni insulini huwa inakwisha. Mratibu anataka tuanze. Mimi nataka tuanze. Naogopa pia.

Nyie huko mnafanyaje mgonjwa akiwa na vyote viwili? Mnamlaza kwanza, au mnampima sukari kila siku akiwa nyumbani? Yule daktari wenu wa neva angekubali nimpigie simu, hata dakika kumi? Na je, kuna haja ya kumsafirisha Dar kwa kipimo cha umeme wa neva, au kiwiko kile kinatosha?

Jingine: binti yake yuko Mbagala, ameishi na mama mpaka mwaka jana. Nikimwelekeza kwako, utamtazama ngozi na viwiko? Nimwambie aje siku gani? Mwenyewe hajaambiwa bado, kwa hiyo taratibu naye.

Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Tatu