Kabla ya kitufe chekundu, mfikirieni aliyekataliwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu kijana aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita kwamba yeye na wenzake wanatengeneza programu ya kutafutia wachumba itakayojali usalama na siri za wanawake. Alituomba tumweleze tunataka nini. Papo hapo akataja mambo matatu waliyokwisha kuyaamua: kitufe chekundu cha dharura, kila mtu kupiga picha kitambulisho chake, na mwanamke ndiye awe wa kwanza kuandika ujumbe. Nimemsoma mara mbili. Nia yake ni njema, na swali lake ni zuri kuliko majibu yake.

Kazi yangu ni kujaribu programu kabla hazijamfikia mtumiaji. Nalipwa ili niwe mtu msumbufu kutwa nzima: naandika herufi palipotakiwa namba, nazima simu katikati ya malipo, naomba kubadilishiwa nywila ya akaunti isiyo yangu nione kama nitakubaliwa. Kwa hiyo nitamjibu kama mjaribu. Nitamjibu pia kama mwanamke ambaye miaka mitatu iliyopita alishuka kwenye basi jioni akamkuta kituoni mwanamume ambaye hakuwahi kumwambia anakaa wapi.

Tulikuwa tumeandikiana siku tisa hivi, kwenye programu ambayo sitaitaja. Hakunitukana wala hakunitumia picha chafu. Aliuliza mno kuhusu ratiba yangu, nikachoka, nikamwambia kwa upole kwamba sioni kama tutafika mbali. Akajibu, "Sawa dada, kila la heri." Siku kumi baadaye yuko kituoni, mikono mfukoni, anatabasamu: "Nilijua tu ni huku." Hakunigusa. Nilipanda basi lililokuwa likirudi nilikotoka, nikaenda kulala kwa dada yangu.

Dada alisema huenda ni sadfa tu. Mimi usingizi haukuja. Kesho yake nikaiacha simu yangu mezani kwake, nikafungua akaunti mpya ya kiume kwenye simu ya kazini, nikatoka. Programu ile ilikuwa ikionyesha, chini ya jina la kila mtu, umbali alipo: kilomita 2, kilomita 3, bila desimali. Ukiiona hivyo huna wasiwasi, maana ndani ya kilomita tatu wanakaa watu maelfu. Nikawa natembea nikiitazama ile tarakimu. Tatu. Tatu. Tatu. Mbele ya geti moja la kijani ikageuka nne. Nikarudi nyuma hatua chache, tatu. Nikasogea tena, nne. Kwa programu ile, kugeuka kulitokea kwenye kilomita tatu na nusu, kwa hiyo getini pale nilikuwa kilomita tatu na nusu kutoka kwenye simu yangu. Nikatia alama kwenye ramani niliyokuwa nimeichapa. Nikapanda basi kwenda upande mwingine, nikafanya vilevile, kisha upande wa tatu.

Usiku nikaazima bikari ya binti wa dada, ile ya kwenye mkebe wa hesabu, nikachora maduara matatu ya ukubwa mmoja, kila moja kitovu chake ni alama. Yalikutana juu ya paa tulilokuwa chini yake. Mtoto, aliyekuwa amesimama begani kwangu akisubiri bikari yake, akauliza, "Mama mdogo, si ndiyo hapa kwetu?"

Sikugundua jambo jipya. Mwaka 2014 watafiti wa kampuni ya Include Security walieleza hadharani kwamba skrini ya Tinder, programu maarufu ya wachumba, ilionyesha umbali kwa namba nzima, lakini nyuma ya pazia seva yake, yaani kompyuta ya kampuni inayohudumia simu zetu, ilikuwa ikituma umbali wenye tarakimu tele baada ya nukta, na pointi tatu zilitosha kumpata mtu. Mwaka 2021 mhandisi Robert Heaton akaonyesha kwamba hata kwenye Bumble, programu nyingine ya wachumba, ambako umbali ulikuwa umefupishwa kuwa namba nzima, mtu angeweza kutafuta mahali namba inapogeuka, kama nilivyofanya mimi pale getini. Kasoro zote mbili zilirekebishwa. Kwa hiyo dawa inajulikana: seva imhamishie mtu kwanza kwenye kitovu cha mraba mkubwa wa ramani, ndipo ikokotoe umbali. Wengi hufanya kinyume, wanakokotoa umbali wa kweli halafu wanaufupisha, wakidhani ni mamoja. Ukianza na mraba, mtu achore maduara hata mia, yatakutana mahali ambapo mimi sipo. Binafsi ningeufuta umbali kabisa, mwanamke achague mwenyewe jina la eneo analotaka lionekane.

Sasa kijana, ombi langu kubwa kwenu ni hili. Mnapokaa kuchora skrini zenu, mtu wa kwanza kumfikiria asiwe mwanamke. Awe yule aliyekataliwa. Na msimchore kama jambazi. Mchoreni kama alivyo: ana adabu, ana subira, ana simu nzuri na jioni ndefu. Kila skrini mnayoiongeza, mkalisheni mbele yake na mwulizane: hapa atajua nini ambacho hakuambiwa?

Mtashangaa. Kile kidoa cha kijani kinachosema "yupo hewani" kitamwonyesha nalala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Picha niliyoipakia huenda imebeba ndani yake mahali ilipopigiwa, kwa sababu simu nyingi huandika hilo ndani ya faili, hivyo seva yenu iyafute hayo kabla picha haijaonekana na mtu. Picha hiyohiyo akiitafuta kwenye intaneti itamfikisha kwenye ukurasa wa mwajiri wangu, basi mnionye nisiitumie. Jina la kazini na la shule yasijazwe yenyewe. Na ujumbe ukiingia, skrini iliyofungwa isiandike "Una mpenzi mpya karibu nawe" mbele ya kila aliyekaa nami sebuleni. Si kila mwanamke anayemkimbia mtu aliye mbali. Wapo wanaokaa naye nyumba moja.

Kuhusu kumzuia mtu, wengi wenu mnaishia kumzuia kwenye akaunti moja. Aliyekataliwa anafungua nyingine baada ya dakika tano. Niruhusuni pia kuwazuia watu kabla hawajaniona: mume tuliyeachana, bosi, shemeji. Lakini msiniambie kwamba ili mnisaidie lazima mnyonye kitabu changu chote cha namba za simu, maana humo mna namba za watu ambao hawakuwaomba chochote. Niandike namba mojamoja mwenyewe. Itanichosha, na nitafurahi.

Kuna jambo lingine linalosahaulika. Mwaka 2020 shirika la utangazaji la Australia, ABC, liliripoti habari za wanawake waliosema kwamba wanaume waliowadhuru walijiondoa kwenye orodha zao za Tinder, na mazungumzo yote yakafutika papo hapo, pamoja na ushahidi. Anayeondoka asiondoke na ushahidi wangu. Mwanamke aendelee kuona alichoandikiwa, na aweze kuripoti hata baada ya mtu kutoweka. Najua mtaniuliza: mbona unataka tufute data na hapohapo tuzitunze? Nataka yaliyoandikwa kwangu yabaki mikononi mwangu, na yaliyo mikononi mwenu yapungue.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kitambulisho, na hapa nitamshikilia kijana wetu kidogo.

Ilikuwepo programu Marekani iliyoitwa Tea, iliyotengenezwa ili wanawake waonyane kuhusu wanaume wanaokutana nao. Kujiunga ilibidi mwanamke athibitishe kwamba ni mwanamke, kwa selfi, na kwa wakati fulani kwa picha ya kitambulisho. Watumiaji waliahidiwa kwamba picha hizo zingefutwa baada ya uthibitisho. Julai 2025 watu wakaingia kwenye hifadhi yake ya zamani na kutoka na picha zipatazo 72,000, na kwa maelezo ya kampuni yenyewe, takribani 13,000 kati yake zilikuwa selfi na vitambulisho vya uthibitisho. Zikasambazwa mtandaoni. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba na ujumbe wa siri zaidi ya milioni moja ulikuwa wazi. Fikirieni humo wanawake walikuwa wakiandikiana nini.

Hao wanawake walijiunga kwa sababu walitaka usalama, na walichokitoa ili waupate ndicho kilichowaponza. Kitambulisho kina jina langu lote, tarehe ya kuzaliwa, na penginepo na anwani. Yule wa kituoni ilimbidi ahangaike na maduara. Angepata kitambulisho changu asingehitaji bikari.

Uthibitisho wenyewe siupingi. Mtu akiwa na picha za mwingine ni hatari, na nimewahi kuongea mwezi mzima na daktari ambaye baadaye picha zake nilizikuta kwenye tangazo la miwani. Lakini yapo mambo ya kujiuliza kabla ya kudai kitambulisho. Je, video fupi ya mtu akigeuza kichwa, ikalinganishwa na picha za wasifu, haitoshi? Ikitosha, kwenye seva ibaki nini zaidi ya neno "ndiyo" na tarehe? Nasema haya nikijua waandishi wa programu tulivyo. "Tutafuta baadaye" ni sentensi niliyoisikia katika kila ofisi niliyofanyia kazi, na sijawahi kuiona hiyo baadaye ikifika. Ufutaji uandikwe siku ileile unapoandikwa upakiaji, na mjaribu wenu asikubali programu itoke kabla hajaingia kwenye hifadhi kwa mikono yake akaikuta tupu.

Na si vitambulisho tu. Mwaka 2017 mwandishi wa habari wa Ufaransa, Judith Duportail, aliiomba Tinder data zake zote kwa mujibu wa sheria, akapokea kurasa 800. Mia nane! Mimi na mume wangu wa zamani hatukuandikiana kiasi hicho. Nyingine huenda hata hazibaki kwa kampuni: mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Norway iliitoza Grindr, programu nyingine ya uchumba, faini ya krona milioni 65 kwa kuwapa watangazaji habari za watumiaji bila idhini halali. Kijana hakusema programu yake itaishi kwa pesa ya nani. Angesema.

Mwanamke kuanza kuandika ni wazo ambalo Bumble ilianza nalo 2014, na si baya, linapunguza kero ya siku ya kwanza. Kumbukeni tu kwamba mimi nilipata tabu siku ya kumi na tisa. Wala halizuii picha chafu. Katika utafiti wa kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani uliotolewa 2023, asilimia 56 ya wanawake wa chini ya miaka 50 waliotumia programu hizi walisema wametumiwa ujumbe au picha za ngono ambazo hawakuziomba. Ukungu juu ya picha hadi mpokeaji aamue kuifungua, basi. Hilo ni jepesi kulitengeneza.

Kitufe chekundu nacho nimewahi kukijaribu, kwenye programu ya usafiri wala si ya uchumba. Nilikibonyeza Ijumaa jioni kujua kinaishia wapi. Kiliishia kwenye barua pepe ya mtu aliyekuwa likizo. Kabla hamjachagua rangi ya kitufe, ajirini mtu wa zamu ya usiku atakayepokea, aliyefundishwa aseme nini na mwanamke anayenong'ona. Kama hamna fedha ya kumlipa, msikiweke, maana atakayekibonyeza atapoteza dakika ambazo angempigia dada yake.

Mimi baada ya yale maduara niliwaandikia wenye ile programu. Nikawapigia picha ramani, nikaeleza hatua kwa hatua, kwa lugha ya kazi, kama ninavyoripoti kasoro ofisini. Jibu lilikuja baada ya siku ishirini na sita: wamefurahi sana kusikia kutoka kwangu, na je, ningependa kuwapa nyota tano?

Mhariri, jina langu na namba ya simu nimeviandika chini ya barua pepe hii kwa sababu masharti ya ukurasa wenu yanataka hivyo. Jina naomba msilichapishe. Namba nipigieni mhakikishe kwamba ni mimi niliyeandika, kisha muifute, na mkishaifuta mnijulishe.

Msomaji wenu,
Mjaribu wa programu